Miguu: ipi ujitibu nyumbani, ipi uende duka la dawa, na ipi ukimbilie hospitali

Mie nakaa kaunta ya duka la dawa hapa Unguja mjini na miguu naiona kila siku. Mtu anaingia, anatoa salamu, anavua ndara pale pale na mguu anauweka mbele, "hebu nipe dawa ya hii". Wengine nawapa krimu wanakwenda zao wamefurahi, wengine nawaambia hii ya kwako dawa yake haimo humu ndani, nenda kituo cha afya leo leo, na hao ndo wananinunia mana wanaona nawazungusha kwa kitu kidogo. Kwa hivo nimeona niandike ulinganisho wa wazi, tatizo hili na lile linalofanana nalo na kila moja pa kwenda, ili mtu ajue kabla hajatoka nyumbani kwake.

Kuna kitu nakiweka mbele kabisa mana ndo kinachowaponza watu wengi. Tunapima kwa maumivu, ikiuma sana twende, isipouma tusubiri. Kwa miguu kipimo hicho kinakupoteza. Kisigino kinachokutoa machozi asubuhi unaposhuka kitandani kinaweza kusubiri wiki mbili tatu na hakitaharibika kitu, wakati kidonda kwenye unyayo wa mtu wa sukari, kisichouma hata chembe, hakitakiwi kulala hata usiku mmoja bila ya kuonekana na dokta au nesi. Hilo lishike halafu tuendelee.

Wapi pana nini

Ukisoma mtandaoni utaambiwa kamuone daktari wa miguu. Nchi kama Uingereza yupo kweli, kasomea miguu tu, anachonga sugu, anakata kucha za wazee, anapima ganzi, anaagizia viatu maalumu. Kwetu kazi ya mtu huyo imegawanyika, kidogo anayo nesi wa kliniki ya sukari, kidogo dokta wa ngozi, kidogo dokta wa upasuaji au wa mifupa, kidogo watu wa fiziotherapia. Kwa hivo usikae ukitafuta bango lake Darajani au Chake, mlango wake kwetu ni kituo cha afya cha karibu, pale utaangaliwa na utaandikiwa kwa anayehusika.

Nyumbani una maji, sabuni, mafuta ya nazi, taulo na macho ya mtu wa pili wa kukuangalia nyayo. Hivo vinatosha kwa magaga yasiyotoa damu, sugu ndogo, lengelenge la kiatu kipya, kisigino kilichoanza juzi. Gharama karibu hakuna. Lakini nyumbani pia kuna wembe, kuna mafuta ya taa, kuna unga wa kahawa wa kupachika kwenye kidonda na kuna beseni la maji ya moto, na vitu vinne hivo vimepeleka watu wengi hospitali kuliko tatizo walilokuwa nalo mwanzo.

Duka la dawa uzuri wake ni haraka, hamna foleni ndefu, unapata krimu ya fangasi, mafuta mazito, gozi, dawa ya kuoshea. Mipaka yake uijue na nakwambia mie mtu wa dukani mwenyewe: hatupasui, hatukati nyama iliyokufa, hatuoni kilichomo ndani ya mguu, na mtu akija na kidonda kirefu akapewa vidonge vya antibayotiki bila ya kidonda kuoshwa na kuangaliwa basi kapoteza pesa na kapoteza siku.

Kituo cha afya ndo kinachodharauliwa kuliko vyote na mie naona kingetakiwa kiwe cha kwanza kwa nusu ya watu wanaokuja kwangu. Pale unapimwa sukari na presha, kidonda kinaoshwa, unachomwa sindano ya pepopunda ukikanyaga msumari, na unapewa karatasi ya rufaa. Matibabu ya serikali Zanzibar yalitangazwa bure baada ya Mapinduzi ya 1964, sawa, mara nyengine utaambiwa dawa kanunue nje, lakini kuangaliwa tu na mtu anayejua ni kitu kikubwa.

Hospitali kubwa, yani Mnazi Mmoja na Lumumba kwa Unguja, na kwa Pemba Abdalla Mzee ya Mkoani, Chake Chake na Wete, hizo ni za eksrei, upasuaji, kliniki za wagonjwa wa kudumu. Huko unakwenda kwa rufaa, isipokuwa kwa yale mambo ya dharura ambayo ntayataja huko chini, hayo usipitie popote, panda bodaboda au daladala uende.

Magaga na fangasi kavu

Hivi viwili watu wanavichanganya kila siku. Magaga yanakaa ukingoni mwa kisigino, ngozi imekuwa nene na ngumu, imepasuka kama udongo wa bonde la mpunga uliokauka, na kwa kawaida visigino vyote viwili. Yanakuja kwa kutembea na ndara au peku kwenye saruji, uzito, kusimama muda mrefu, ngozi kavu. Fangasi kavu inashika unyayo mzima mpaka pembeni, ngozi inakuwa na unga mweupe kwenye ile mistari ya unyayo, inawasha, na ukichungulia kati ya kidole cha mwisho na kinachofuata mara nyingi utakuta ngozi nyeupe iliyolowa na harufu. Dalili moja inayonisaidia sana ni kumwambia mtu anioneshe viganja. Akiwa na miguu yote miwili na kiganja kimoja tu kina unga ule ule, hiyo karibu kila mara ni fangasi.

Magaga: loweka dakika kumi kwenye maji ya uvuguvugu, sugua polepole kwa jiwe, kausha, halafu pakaa mafuta mazito au krimu yenye yurea, vaa soksi ulale nayo. Mafuta ya nazi yanafaa kwa kulainisha lakini kwa magaga mazito yurea inashinda. Mpasuko ukiwa unatoa damu au una usaha hapo umeshavuka mpaka, nenda kituo.

Fangasi: klotrimazoli au mikonazoli mara mbili kwa siku, wiki mbili mpaka nne, na ukiona imepona usiache siku hiyo hiyo, endelea wiki moja zaidi. Watu wengi wanaokuja kulalamika kwamba krimu haifanyi kazi waliacha ilipoacha kuwasha. Alafu kuna zile krimu za mchanganyiko, ndani yake mna dawa ya fangasi, antibayotiki na steroidi kali pamoja, zinapendwa mno kwa sababu siku ya pili tu muwasho umekata. Steroidi inazima muwasho na wekundu na fangasi anaendelea kutambaa chini kwa chini, baada ya miezi mguu unakuwa na madoa ambayo hata dokta wa ngozi anapata tabu kuyajua. Krimu ya fangasi peke yake ni nafuu na ni bora, mie ndo ninayompa mtu hata akinikasirikia.

Na hapa niseme la udhu mana linatuhusu sote. Kuosha miguu mara tano kwa siku ni neema. Shida iko baada yake, mtu katoka msikitini anaingiza vidole vibichi kwenye soksi na kiatu cha ofisini mpaka alasiri, humo ndimo fangasi anamotaka kukaa. Weka kitambaa kidogo mfukoni, pitisha kati ya vidole. Na pale unapochanganua vidole wakati wa udhu, hapo hapo angalia, kama kuna mpasuko au lengelenge utalijua siku ile ile.

Kuna na muwasho wa tatu ambao sio magaga wala fangasi, mstari mwekundu uliopinda pinda chini ya ngozi, unasogea kidogo kila siku, unawasha usiku mpaka mtu halali. Huo ni mnyoo wa paka na mbwa unaotoka kwenye mchanga wenye kinyesi chao, watu wa pwani na wageni wanaupata sana kwa kutembea peku. Krimu ya fangasi haiugusi. Dawa yake ni ya kumeza, albendazoli au ivermektini, na uandikiwe kituoni.

Kucha: iliyogongwa, ya fangasi, na ile ya kuogopwa

Kucha iliyogongwa unajua siku ilipogongwa, imekuwa nyeusi na weusi unasogea mbele kadiri kucha inavyokua. Iache. Kucha ya fangasi inakuwa nene, njano au kahawia, inamomonyoka, na hapa krimu nakuuzieni ya nini, haiingii ndani ya kucha nene. Inataka vidonge, terbinafini kwa miezi mitatu hivi kwa kucha za mguu, na kwa sababu vinapita kwenye ini sio vidonge vya kujinunulia tu, dokta akuandikie. Kama haikusumbui na huna sukari unaweza pia ukaiacha, ni haki yako.

Ya tatu ni mstari au doa jeusi chini ya kucha, au kwenye unyayo, ambalo hukugonga, halisogei mbele na kucha, linapanuka. Hilo hospitali. Sisi watu weusi saratani ya ngozi aina ya melanoma ikitupata hupenda kutokea huko huko, nyayoni na chini ya kucha. Bob Marley ndo iliyomuua 1981, ilianzia chini ya kucha ya kidole gumba cha mguu, ilipogundulika 1977 watu walidhani ni jeraha la mpira.

Kwa dada zetu: hina na piko vinafunika kucha na nyayo kwa wiki kadhaa. Hina ya majani yenyewe haina neno. Piko ni jambo jengine, ndani yake mna rangi ya nywele na wapo wanaotoka malengelenge na makovu, na kwa mama mwenye sukari mie ningemuomba aache kabisa, mana likitokea lengelenge chini ya lile pambo hataliona wala hatalihisi.

Kidole gumba kimevimba

Hapa kuna kucha iliyoingia nyamani na kuna jongo, na vyote viwili vinauma vibaya. Kucha iliyoingia inauma pembeni pa kucha, ukibonyeza ukingo unaruka, panaweza kuwa na usaha au kinyama chekundu kimeota. Imetokana na kukatwa kwa kuzungusha pembe, au kiatu kinachobana. Loweka kwenye maji ya vuguvugu ya chumvi mara mbili tatu kwa siku, acha kiatu cha kubana, na kuanzia leo kata kucha moja kwa moja usizungushe. Siku nne tano haijapungua au usaha umetoka, kituo cha afya, watakata kipande kwa ganzi na kazi imekwisha. Usichimbe mwenyewe na wembe.

Jongo linashika kiungo chenyewe pale kidole kinapoungana na mguu, linakuja ghafla, mara nyingi usiku, pamevimba, pamoto, pekundu, hata shuka likigusa mtu analia. Kucha iko salama kabisa. Wengi ni wanaume watu wazima, wenye presha au wanaotumia vidonge vya kukojoza maji, na nyama, dagaa na vinywaji vitamu vinachochea. Hili haliondoki kwa kuloweka. Kapimwe, utapewa dawa za kutuliza, na usijinunulie daiklofenaki ukameza wiki nzima kama una presha au figo zina matatizo. Na kiungo kikivimba hivo pamoja na homa kali usiseme ni jongo, huenda ni usaha ndani ya kiungo, siku hiyo hiyo hospitali.

Kisigino

Kikiuma hatua za mwanzo asubuhi halafu kinalegea ukitembea, ni ule utando wa chini ya unyayo umechoka. Nyoosha shavu la mguu na unyayo kila asubuhi kabla hujashuka kitandani, tupa ndara nyembamba zilizolika, vaa kiatu chenye soli nene na kisigino kidogo, viringisha chupa ya maji ya baridi chini ya unyayo. Kinachukua miezi, wengi kinapona ndani ya mwaka bila ya sindano. Subira tu.

Kisigino cha mtu aliyeanguka ni habari nyengine kabisa, na Pemba msimu wa karafuu kila mtu anajua. Mtu kaanguka kutoka juu ya mkarafuu, katua kwa visigino, anapelekwa kuchuliwa. Jamani msimchue. Mfupa wa kisigino unapasuka kwa mtuo wa aina hiyo na mara nyengine uti wa mgongo nao umeumia bila ya mtu kujua, kwa hivo anabebwa kalazwa sawa, anapelekwa penye eksrei.

Kidonda cha mtu mwenye afya na kidonda cha mtu wa sukari

Hapa ndo nilipokuwa naelekea tangu mwanzo. Mtu mwenye afya akikatwa na kigae, anaosha kwa maji mengi na sabuni, anafunga kwa kitambaa safi, anahakikisha sindano ya pepopunda, na ndani ya wiki mbili anakuwa anaelekea kupona. Kisipoelekea kupona wiki mbili, akapimwe sukari, mana wapo wengi waliojua kuwa wana sukari kwa kidonda tu.

Mtu wa sukari hesabu yake ni nyengine. Sukari ikikaa juu miaka inaharibu mishipa ya hisia kuanzia vidoleni, na mishipa ya damu inaziba, kwa hivo mguu haumwambii kitu na hata akijua damu ya kuponya haifiki vizuri.

Aliwahi kuja mama mmoja dukani, mtu mzima, anataka gozi na spiriti. Nikamuuliza ya nini, akasema kijidonda tu mwanangu. Nikamwomba avue. Kiatu chake cha ngozi, kizuri kabisa, ndani kwenye soli palikuwa na ncha ya msumari imetokeza, ncha fupi sana, na pale pale chini ya mzizi wa kidole gumba pana tundu limezungukwa na sugu nyeupe iliyolowa. Kavaa kile kiatu kaenda nacho sokoni na karudi. "Mama, hapa hapakuumi?" "Aa mwanangu, hapaumi hata kidogo, ndo mana sikuhangaika." Gozi sikumuuzia, nilimwita mwanawe aje na gari ampeleke hospitali, mana tundu dogo kwa juu huenda limefika mfupani. Ile "hapaumi" yake aliiona ni habari njema na mie ndo iliyonitisha.

Madaktari Dar es Salaam wameandika mpaka kuhusu wagonjwa wa sukari waliotafunwa vidole na panya wakiwa wamelala, wakaamka asubuhi wakaona damu kwenye shuka. Ganzi inafika huko.

Kwa hivo kwa mtu wa sukari orodha ya nyumbani inafutika karibu yote. Hakuna wembe, hakuna plasta za kuchoma sugu zenye asidi, hakuna kutembea peku hata ndani ya nyumba, hakuna beseni la maji ya moto na majani, watu wanaungua mpaka ngozi inavuka na hawajui. Maji ya kuoshea ajaribu kwa kiwiko au mtoto ampimie. Kiatu akitikise na apitishe mkono ndani kabla hajavaa. Mafuta apake juu na chini ya mguu, kati ya vidole asitie. Bibi asiyeona vizuri asijikatie kucha, mjukuu amkatie, kwa kikata kucha na mwanga wa kutosha.

Kipimo cha nyumbani kipo na hakitaki kifaa. Mtu alale, afumbe macho, weye mguse ncha ya kidole kwa ncha ya kidole chako, laini sana, sekunde moja au mbili, usibonyeze wala usisugue. Gusa kidole gumba, cha katikati na cha mwisho, mguu wa kulia kisha wa kushoto, vidole sita jumla, aseme akihisi. Asipohisi viwili au zaidi, hisia zimepungua, na mpeleke kwa nesi wa kliniki ya sukari akapimwe vizuri. Wana kiuzi cha plastiki maalumu cha kupimia nyayo, na kila mwenye sukari ana haki ya kupimwa miguu angalau mara moja kwa mwaka. Ukienda kliniki ukapimwa damu tu ukaambiwa nenda, vua viatu mwenyewe useme naomba niangaliwe miguu.

Kidonda chochote kwa mtu huyu, siku hiyo hiyo aonwe. Na dharura ya kwenda moja kwa moja hospitali usiku na mchana ni hizi: kidole kimekuwa cheusi au cha baridi, wekundu unatambaa kutoka kwenye kidonda, harufu mbaya, homa, au mguu umevimba na una moto ghafla hata kama hakuna kidonda, mana mifupa yenyewe inaweza kuwa inavunjika ndani bila ya maumivu. Huko akiambiwa asiukanyage mguu ule basi hiyo ndo nusu ya dawa, kidonda cha unyayo hakiponi kikikanyagwa kila siku hata kwa antibayotiki ghali kuliko zote.

Ganzi isiyo ya sukari pia ipo. Baka kwenye ngozi lililopauka na halina hisia, huenda ni ukoma, na ukoma unatibika kwa vidonge vya bure kabisa. Kinachobaki ni mtu kutoficha.

Wa baharini

Kina mama wa mwani Paje, Jambiani, na kule Micheweni wanaoshinda majini, mguu wao unataka viatu vya mpira vyenye soli ngumu, hilo kwanza. Ukikanyaga wale wadudu weusi wenye miba mirefu, miba inayoonekana itoe kwa kibanio, iliyokatika juu juu loweka kwenye siki, mingi inayeyuka au inatoka wenyewe. Utomvu wa papai bichi watu wa pwani wanautia na wengi wanausifu, mie nasema kwenye ngozi iliyochanika usiutie. Mwiba ulioingia kwenye kiungo cha kidole, au pamevimba baada ya siku mbili, hospitali.

Ukichomwa na taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, ni tofauti, hapo maji ya moto ndo dawa, ya moto unayoweza kuvumilia, kama nyuzi 45, nusu saa mpaka saa na nusu, sumu yake inavunjwa na joto. Mkono wa mwenzako upime maji hayo, mana mguu wenye maumivu haujui kinachouunguza. Halafu kituoni, kipande cha mwiba kinaweza kubaki ndani.

Uvimbe wa mguu mmoja na wa miwili

Miwili kwa pamoja, inayovimba jioni na kupungua asubuhi, mara nyingi ni kukaa au kusimama sana, lakini ikiwa haipungui au unahema, moyo na figo vinatakiwa viangaliwe. Mjamzito aliyevimba miguu na uso, kichwa kinauma au anaona maruweruwe, asisubiri siku ya kliniki. Mmoja ghafla, shavu la mguu linauma na pana moto, huenda ni damu imeganda, hospitali leo.

Mmoja unaovimba kwa miaka, na homa na mitoki zinakuja na kuondoka, ni matende. Ugonjwa huu Zanzibar imepambana nao kweli kweli, Makunduchi miaka ya themanini watafiti walimwaga chembe nyepesi za plastiki kwenye vyoo vya shimo zifunike maji mbu wasizaliane, na 2001 ukaanza ugawaji wa dawa kwa watu wote, ivermektini na albendazoli. Aliyekwishavimba wasimdanganye kuwa mguu utarudi kuwa kama zamani, lakini kuosha kila siku kwa sabuni, kukausha kwenye mikunjo, kutibu fangasi na kuuweka mguu juu kunapunguza sana zile homa. Hii ni kazi ya nyumbani inayofanya kazi kuliko kitu chochote dukani kwangu.

Mtoto aliyezaliwa nyayo zimepinda ndani

Hapa nasema kidogo tu mana jibu ni moja. Usimchue wala usingoje akue. Wiki za mwanzo tu mpelekeni hospitali, anafungwa plasta ngumu inayobadilishwa kila wiki, wiki tano sita hivi, mara nyingi wanakata kidogo ule ukano wa nyuma ya kisigino, halafu anavaa viatu vilivyounganishwa kwa fimbo, mwanzo karibu saa zote, baadae usiku tu mpaka miaka minne. Wengi wanaofeli ni wale walioacha viatu vya usiku kwa sababu mtoto analia.

Ukienda

Nenda na viatu unavyovaa kila siku, sio vya harusini, anayekuangalia atajifunza mengi kwenye soli. Chukua dawa zote unazotumia, na zile krimu ulizotia hata kama ni za mganga, uzitaje bila ya aibu. Sema kidonda kilianza lini, kama kilitokana na nini, kama unahisi au huhisi. Osha mguu lakini usitie poda wala rangi. Ukiwa unatoka Pemba umepewa rufaa ya kuvuka Unguja, karatasi ya rufaa na matokeo ya sukari yaweke kwenye mfuko wa plastiki yasilowe botini, na kwenye boti kaa mguu ukiwa juu ya kiti au begi. Na ukiambiwa urudi Jumatatu kubadilisha bendeji, rudi Jumatatu hata kama kidonda unakiona kimekauka.